Kujitengenezea ukuta wa nyuma wa tangi la samaki hapa Goma

Ukishaweka tangi la samaki sebuleni, haichukui muda kabla hujachoka kuona kilicho nyuma yake: rangi ya ukuta iliyobanduka, mpira wa hewa, waya za umeme. Hapo maswali yanaanza, na ni yale yale kila mara. Kitenge kinafaa? Rangi gani haina sumu? Frigoliti (povu jeupe la kufungashia) inaweza kukaa ndani ya maji? Na hili la watu wa Goma: mawe ya volkano yanaua samaki?

Kabla hujanunua chochote, shika jambo moja. Nje ya kioo karibu kila kitu kinaruhusiwa. Ndani ya maji karibu kila kitu kina masharti. Kama hili ndilo tangi lako la kwanza, anza nje, ukae nalo miezi kadhaa, kisha uamue kama kweli unataka kuingia ndani.

Kuhusu rangi: samaki wengi hujifananisha na mahali walipo. Nyuma pakiwa peupe, wanapauka. Nyuma pakiwa peusi au buluu nzito, rangi zao zinakolea, na wenyewe wanatulia kwa sababu hawaoni watu wakipita kila upande. Ndiyo maana nikiulizwa rangi moja tu ya kuchagua, nasema nyeusi isiyong'aa. Wengi hawapendi jibu hilo mpaka wayaone matokeo.

Vitu vya kuandaa

Kwa kazi ya nje:
- rangi ya maji ya akriliki, au kitenge, au nailoni nzito nyeusi
- rola ndogo au brashi laini, na gundi ya karatasi ya mafundi rangi (ule utepe wa kubandika, masking tape)
- spiriti na kitambaa safi
- tochi (ya simu inatosha)

Kwa kazi ya ndani, ongeza:
- frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni na friji. Wauza vyombo vya umeme wa Birere, mtaa wa biashara hapa mjini, huitupa. Omba kabla hujanunua
- simenti ya kawaida, kilo 3 hadi 5
- silikoni ya kioo, mirija 2 au 3
- mchanga mweusi wa lava uliochekechwa
- kisu kikali, mshumaa, brashi kuukuu
- siki, na karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi ya maji) ukizipata

Kuhusu silikoni, soma maandishi kwenye mrija kabla hujalipa. Inayofaa ni ile ya kioo, silikoni tupu, yenye harufu kali ya siki ukiifungua. Ikiwa imeandikwa *sanitaire* au *anti-moisissure*, iache dukani. Hiyo ni ya bafu, imetiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo haichagui kati ya ukungu na samaki. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, usibishane naye, nenda duka la pili.

Njia ya kwanza: rangi, nailoni au kitenge nje ya kioo

1. Safisha kioo cha nyuma kwa nje kwa spiriti. Alama za vidole na mafuta ndizo zinazofanya rangi ijikunje.
2. Bandika gundi ya karatasi kwenye kingo, ili rangi isishuke kwenye vioo vya pembeni wala kugusa silikoni inayoshika tangi.
3. Paka rangi kwa tabaka jembamba. Acha likauke, paka la pili, kisha la tatu. Tabaka moja nene litakauka juu tu na kubanduka baadaye kama ngozi.
4. Washa tochi nyuma ya tangi usiku, utazame kwa mbele. Kila nukta ya mwanga ni mahali brashi haikufika.
5. Toa gundi ya karatasi kabla rangi haijakauka kabisa.

Kama tangi limeshajaa na samaki wamo, usipake rangi chumbani humo. Pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumba na kuisukuma majini, pamoja na mvuke wa rangi. Wakati huo tumia nailoni nyeusi. Paka kioo mafuta ya kupikia kidogo sana kwa kitambaa, weka nailoni juu yake, kisha sukuma mapovu kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Bila mafuta hayo utaona madoa ya kung'aa pale nailoni isipogusa kioo.

Kitenge nacho kinafaa, na ni raha kwa sababu unakibadilisha utakapo. Kivute vizuri juu ya ubao mwembamba wa tripleksi, kikaze kwa pini upande wa nyuma, kisha usogeze ubao mpaka uguse kioo. Ukingo wa juu uwe chini kidogo ya mdomo wa tangi, kwa sababu kitambaa kikinyonya maji yanayoruka, kitaota ukungu. Epuka maua makubwa mekundu na njano. Samaki wako hawataonekana. Geuza kitenge utazame upande wa nyuma uliopauka kidogo, mara nyingi ndio unaofaa zaidi. Na uombe ruhusa kwanza. Mama mwenye kitenge hicho hatafurahi kukikuta kimepigiwa pini nyuma ya tangi.

Njia ya pili: sanduku kavu nyuma ya tangi

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na watu wachache wanaijua. Unatengeneza sanduku lisilo na upande wa mbele, lenye upana na urefu wa kioo cha nyuma na kina cha sentimita 15 hadi 20. Ndani yake unapanga mandhari kavu: mawe ya lava, mchanga, matawi makavu, mizizi. Sanduku linasimama nyuma ya tangi, na mtu anayetazama kwa mbele anaona maji yanaendelea hadi mbali. Hakuna kinachogusa maji, kwa hiyo hakuna cha kuua samaki.

6. Pima kioo cha nyuma, kata tripleksi, unganisha kwa misumari midogo.
7. Paka ndani rangi nyeusi au buluu nzito isiyong'aa. Ukipaka inayong'aa, utaona taa yako mwenyewe badala ya mandhari.
8. Panga mawe makubwa karibu na kioo na madogo nyuma. Jicho litadanganyika, sanduku litaonekana refu kuliko lilivyo.
9. Tundika taa ndogo ya LED juu, hafifu kuliko taa ya tangi lenyewe. Ya kuchaji kwa sola inafaa, kwa sababu umeme ukikatika mandhari hayatazimika.
10. Acha tundu mbili ndogo juu ya sanduku, hewa ipite. Likizibwa kabisa, kioo kitashika ukungu wa maji kwa ndani asubuhi za baridi.

Waya wowote unaokwenda kwenye tangi uning'inie chini ya soketi kwanza, ndipo upande. Tone la maji likitelezea juu ya waya, litadondoka hapo chini badala ya kuingia kwenye umeme.

Sanduku lina ubaya mmoja: linataka tangi lisogezwe mbele ya ukuta wa nyumba. Ukiwa na sebule nyembamba, kama nyumba nyingi za mbao zilivyo, pima kwanza.

Kabla ya njia ya tatu: maji yako yanatoka wapi?

Ukuta wa frigoliti hupakwa simenti, na simenti mbichi hutoa chokaa ndani ya maji. Chokaa hupandisha pH, na pH ikipanda ghafla samaki wanaungua matamvua.

Maji ya bomba ya Goma yanatoka ziwani, na maji ya juu ya Ziwa Kivu yenyewe yana pH ya karibu 9. Samaki waliozoea maji hayo, kama tilapia na Haplochromis wadogo wa ziwa, wanavumilia chokaa kidogo iliyobaki. Samaki wadogo wa gapi pia hawana shida na maji magumu.

Lakini nyumba nyingi hapa hunywa na kuosha kwa maji ya mvua, kwa kuwa juu ya lava hakuna visima vya kuchimba kirahisi. Maji ya mvua hayana madini ya kuzuia pH isiyumbe, na mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo hushuka na asidi, ambayo inaila simenti haraka zaidi. Ukuta ule ule usio na neno kwa jirani anayetumia maji ya ziwa unaweza kukuulia samaki wote wewe unayetumia maji ya mvua. Kama maji yako ni ya mvua tupu, loweka ukuta kwa muda mara mbili ya huu ninaoutaja hapa chini, au baki na njia mbili za kwanza.

Njia ya tatu: ukuta wa frigoliti na simenti, ndani ya tangi

Kazi hii hufanywa tangi likiwa tupu na kavu. Hakuna njia ya mkato. Jipe angalau mwezi mmoja na nusu, na samaki wakae kwingine.

11. Pima ndani ya tangi, si nje. Ondoa nusu sentimita kila upande. Kama tangi lina vioo vya kukaza juu, kata ukuta vipande viwili au vitatu vinavyopita kwenye uwazi. Watu wengi hukumbuka hili ukuta ukiwa umeshakauka.

12. Chonga. Usianze na kisu. Vunja frigoliti kwa vidole, maana uso uliovunjika unafanana na jiwe kuliko uliokatwa. Bandika vipande juu ya vipande kwa silikoni upate mabonde na vilima. Tazama ukuta wowote wa mawe mtaani kwako uige mpangilio wake. Fanyia kazi mahali pasipo na upepo na uzoe punje zote, kwa sababu samaki huzila wakidhani ni chakula.

13. Pitisha mwali wa mshumaa haraka juu ya uso, ili punje ziyeyuke kidogo na kingo zilainike. Fanya hivi nje, upepo ukienda mbali nawe, na watoto wasiwe karibu. Moshi wake ni sumu na frigoliti hushika moto upesi. Wengine hutumia petroli kuyeyusha. Usithubutu: inakula frigoliti bila mpango, na harufu yake haitoki.

14. Kama una hita au chujio, chonga nafasi zake sasa. Hita isiguse frigoliti hata kidogo.

15. Paka simenti tabaka la kwanza, nyepesi kama uji wa mtoto, ipenye kila tundu. Upande wa nyuma uache bila simenti, kwa sababu silikoni inashika frigoliti vizuri kuliko inavyoshika simenti yenye vumbi.

16. Subiri saa 24 huku umefunika kwa nailoni na kunyunyizia maji. Simenti haitaki jua. Ikikauka haraka inakuwa unga. Kisha tabaka la pili na la tatu, nzito kidogo kila mara, kwa mapumziko yale yale.

17. Tabaka la mwisho ndilo la rangi. Unaweza kutia unga wa oksidi ya chuma, ule wa kupakia sakafu, usizidi sehemu 1 kwa 10 ya uzito wa simenti. Ila hapa Goma tuna kitu kizuri zaidi na cha bure: chekecha mchanga mweusi wa lava, uoshe mara nyingi, uukaushe, kisha uurushie juu ya simenti ikiwa bado mbichi na kuukandamiza kwa kiganja kilichovaa glavu. Ukikauka, hata fundi mawe atausogelea auguse kabla hajaamini.

18. Acha ukuta siku 7 chini ya nailoni, ukiunyunyizia maji asubuhi na jioni.

19. Loweka. Tumia pipa, beseni kubwa au bafu, na uweke mawe juu ya ukuta ili uzame. Mwaga maji yote kila baada ya siku 2 au 3, kwa wiki 3 hadi 4. Mara ya pili au ya tatu unaweza kutia siki kikombe kimoja kwa kila ndoo, isaidie kula chokaa ya juu. Maji hayo yafagilie ua. Usinyweshe kuku wala mboga.

20. Pima. Kwa karatasi za pH, linganisha maji yaliyokaa na ukuta siku 3 na maji yale yale yaliyokaa pekee ndani ya ndoo. Zikiwa sawa au karibu sawa, uko tayari. Huna karatasi? Chemsha kabichi nyekundu, upate maji yake ya zambarau, utie kijiko kimoja katika glasi mbili: moja ya maji ya ukuta, moja ya maji ya ndoo. Chokaa huigeuza zambarau kuwa buluu, kisha kijani, kisha njano. Maji ya ziwa yenyewe yataonyesha buluu au kijani, kwa hiyo usitafute rangi fulani. Tafuta tofauti kati ya glasi mbili. Ya ukuta ikiwa inaelekea kijani au njano kuliko ya ndoo, rudi kwenye kuloweka.

21. Kausha ukuta kabisa, siku 3 au zaidi. Frigoliti na simenti zikibaki na unyevu, silikoni haishiki.

22. Laza tangi kwa mgongo juu ya godoro au blanketi; muwe wawili. Safisha kioo kwa spiriti. Weka silikoni kama kamba isiyokatika kuzunguka ukuta wote, kidole kimoja kutoka ukingoni, na mistari kadhaa katikati. Shusha ukuta, ubonyeze, kisha upange juu yake chupa za maji zilizojaa.

23. Ziba nafasi zote za pembeni kwa silikoni. Nafasi ya nusu sentimita ndiyo mtego: samaki mdogo anaingia, hageuki, anafia humo, na utajua kwa harufu.

24. Acha wiki nzima. Harufu ya siki ikiwa bado inasikika, silikoni haijaiva.

25. Simamisha tangi, tia maji nusu, lala. Kesho yake jaza. Acha siku kadhaa chujio likifanya kazi, pima pH tena, ndipo urudishe samaki, wachache kwanza.

Kwa nini silikoni nyingi hivyo? Kwa sababu frigoliti inaelea, na nguvu yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Fanya hesabu: ukuta wa sentimita 80 kwa 40, wenye unene wa wastani wa sentimita 4, una ujazo wa lita 12.8. Maji yatausukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo 13, kabla ya kuondoa uzito wa ukuta wenyewe. Hiyo ni kama robo ya mfuko wa simenti inayovuta kwenda juu, usiku na mchana. Ukuta uliobandikwa kwa nukta tano za silikoni hung'oka, hupanda na taa, na kumwaga maji sakafuni.

Mawe ya lava yenyewe, je?

Yanafaa. Hayana chokaa ya kuhangaikia, ni mepesi kwa sababu ya matundu yake, na bakteria wanaosafisha maji hupenda kuishi humo. Lakini chagua unapoyatoa. Jiwe la kando ya barabara limenyonya mafuta ya magari na pikipiki, na matundu yale yale hayakubali kuoshwa. Jiwe lililobomolewa ukutani lina simenti. Ndani ya Hifadhi ya Virunga usiokote kitu. Tafuta kiwanja kinachochimbwa msingi mbali na gereji, uombe mwenyewe. Wakati mwingine vijana wa chukudu (zile skuta za mbao za kubebea mizigo) watakuletea kwa bei ya soda.

Sugua kwa brashi ngumu bila sabuni, chemsha maji uyamwagie, loweka wiki moja. Ukitaka uhakika, dondoshea siki: likitoa mapovu, lina chokaa, liache. Mawe yenye ncha kama wembe usiwawekee samaki wa dhahabu wenye mapezi marefu, yanachanika.

Na usiyapange ukuta mkavu hadi juu ukiegemea kioo. Mji huu unatetemeka. Waliokuwa hapa mwezi Mei 2021, baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22, wanakumbuka jinsi matetemeko yalivyofuatana siku baada ya siku. Jiwe moja likiteleza, kioo kinapasuka. Safu ya chini ikae moja kwa moja juu ya kioo cha sakafu au kipande cha plastiki, kabla ya kutia mchanga, na zinazofuata zishikwe kwa silikoni.

Mianzi, matete na mkeka ni kwa nje tu. Majini vinaoza.

Ikitokea tatizo

*Maji yamekuwa meupe baada ya kujaza.* Ikiwa ni siku ya kwanza, ni vumbi la simenti au mchanga, badilisha maji. Ikiwa ni siku ya nne au ya tano na pH haijapanda, ni bakteria wa tangi jipya. Subiri, usilishe sana.

*Samaki wanahema juu ya maji tangu ukuta uingie.* Watoe kwanza, uchunguze baadaye. Wapeleke kwenye ndoo yenye maji ya kule walikokaa ukuta ukitengenezwa (si ya tangi hili), na hewa. Kisha pima pH. Ikiwa imepanda, tangi lirudi kwenye kuloweka.

*Ukuta umeachia kona moja.* Usijaribu kuubandika ndani ya maji. Punguza maji chini ya kona, kausha siku mbili, weka silikoni mpya. Ukiwa umeachia nusu, utoe wote uanze hatua ya 21.

*Simenti inabanduka vipande.* Tabaka la kwanza lilikuwa zito, au lilikaushwa juani. Vipande vidogo havina madhara ikiwa ukuta ulilowekwa vizuri, ila frigoliti nyeupe itaonekana. Samaki wanaopenda kuchimba, kama tilapia, wataendelea kuinyofoa, hivyo paka upya.

*Mstari mweupe kwenye usawa wa maji.* Madini yanabaki maji yanapokauka. Shusha maji kidogo, futa kwa kitambaa chenye siki, kisha kwa maji safi.

*Ukuta umeota kijani.* Hilo si kosa. Punguza saa za taa zifike 6 hadi 8 ikiwa hupendi, na usisugue kwa brashi ya chuma. Wengine wetu tunauacha hivyo, kwa sababu ukuta wenye mwani kidogo unaonekana wa ziwani, na tilapia wadogo wanauchuna wenyewe.

*Madoa kama ya mafuta nyuma ya nailoni.* Ulipaka mengi. Ivue, futa kioo, paka tena kidogo zaidi.

*Rangi ya nje imekwaruzika.* Paka hapo tu, tabaka mbili. Siku ukiichoka yote, wembe wa kukwangulia na maji ya moto vinaitoa kwa nusu saa.